Mpate kijana kabla mzee wa valvu hajastaafu

Mtumishi wa umma akitimiza miaka 60 anastaafu, hilo halina mjadala. Tatizo ni kwamba fundi bomba mkongwe huondoka na ramani yote ya mji kichwani. Nimesimamia mafundi wa mamlaka ya maji muda mrefu. Wewe meneja unayetafuta vijana, anza miaka miwili kabla ya sherehe ya kuagana.

Matangazo ya kazi yanaleta vyeti. Mimi nilikwenda chuo cha ufundi cha VETA na Chuo cha Maji pale Ubungo, nikawauliza walimu: nani hubaki karakana wenzake wakishatoka? Usaili wenyewe ulikuwa kipande cha bomba la plastiki, msumeno, tupa na kiungio. Nilitazama kama ncha inasafishwa kabla ya kuungwa. Asiyesafisha mchana, atakuamsha usiku. (Wasichana usiwaachie kusoma dira za maji tu. Aliyeunga vizuri kuliko wote niliowapima alikuwa binti.)

Akishaingia, mpe daftari, usimpe fagio. Atembee na mzee valvu kwa valvu, yaani zile koki kubwa za kufungia maji ya mtaa, aandike: iko hatua ngapi kutoka kwenye nguzo au ukuta usiohama, inafungwa kulia au kushoto, mizunguko mingapi. Hiyo mizunguko ndiyo siri. Valvu ya mizunguko 30 ikigoma kwenye 19, haijafungwa, imekwama; asiye na hesabu atachimba akidhani maji yamekatika. Na afunge polepole, hasa mwishoni. Maji yaliyo mbioni ukiyasimamisha ghafla hugonga kama nyundo, na utapasua bomba la pili mtaa wa mbele.

Kusikiliza uvujaji kunafundishwa kati ya saa nane na saa kumi usiku, mji umelala na presha imepanda. Fimbo ya chuma juu ya valvu, sikio juu ya fimbo. Mwezi wa kwanza atasikia moyo wake tu. Mvumilie.

Mabomba ya zamani ya asbestosi sina utani nayo: hakuna grainda, hakuna kukata kukavu. Yaloweshwe, avae barakoa inayozuia vumbi lenyewe, si ya kitambaa.

Kumbakiza ni hesabu ya kawaida. Ofisi moja niliyopitia ilimweka kijana hodari miaka mitatu kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Mkandarasi alimchukua kwa ajira ya kudumu na buti mpya. Basi toa mkataba wa kueleweka, buti za saizi yake, posho ya usiku mwezi uleule, na jina lake liandikwe juu ya lile daftari.

Mzee wetu alistaafu mwezi wa sita. Wiki ya pili bomba la sokoni likapasuka alfajiri. Nikampigia kijana kumkumbusha kuwa valvu ile hufungwa kinyume. Alikuwa ameshaifunga, alitaka kujua tu nani analeta pampu ya kutoa maji shimoni.