Kadi ya grafiki ikifika ukomo wa wati, usikimbilie fundi

Wewe unayerenda video (kuichakata iwe faili kamili) au kucheza gemu hapa Dodoma, ukifungua GPU-Z, programu ya kuonyesha hali ya kadi, ukakuta kwenye "PerfCap Reason" (sababu ya kasi kuzuiwa) pameandikwa "Pwr", yaani umeme, kadi yako haijafa. Kila kadi huwekewa kiwango cha wati kiwandani. RTX 3060, kwa mfano, ni 170. Kazi ikiwa nzito, kadi hupandisha kasi mpaka iguse kiwango hicho, kisha inajizuia hapo. Tafadhali usiuziwe pawa saplai kubwa kwa sababu hiyo, haipandishi ukomo huo hata kidogo.

Cha kuangalia ni kasi unayoipata ndani ya wati hizo. Chipu ikiwa na joto huvujisha umeme zaidi, hivyo wati zilezile zinafanya kazi pungufu. Na vumbi letu la kiangazi, upepo wa Septemba ukianza! Mulika tochi kati ya mapezi ya kadi, vile vibati vyembamba vya kutoa joto, uone lilivyoshikamana kama blanketi. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, zuia feni kwa kidole isizunguke, ndipo upulize kwa blowa.

Baada ya hapo, shusha volteji kidogo kwa MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi. Matumizi ya umeme hufuata kipeo cha pili cha volteji: ukipunguza asilimia 5, kwa kasi ileile, unaokoa karibu asilimia 10. Mimi naipenda njia hii kuliko kuongeza ukomo, maana kuongeza ukomo kunaongeza joto. Shusha hatua ndogondogo. Gemu ikiganda, rudisha hatua moja.