Kupima metali nzito Ziwa Tanganyika kwa kutumia kome

Edward Goldberg, mwanakemia wa bahari wa Marekani, alipendekeza mwaka 1975 kwamba kome na chaza watumike kuchunguza uchafuzi wa bahari, na pwani za Marekani zinafuatiliwa kwa njia hiyo hadi leo. Chupa ya maji uliyochota mwaloni Kibirizi inaeleza hali ya saa ile tu. Kome huchuja maji kutwa kucha, hahami mbali, na metali nzito (kama risasi, kadimi na zebaki) hulimbikizana mwilini mwake kwa wiki na miezi.

Kome wa bahari hawaishi maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Kwetu Kigoma tumia Coelatura burtoni, kome wa ziwani anayejifukia mchangani. Magamba matupu ya konokono Neothauma yaache chini: ni makazi ya samaki wadogo, na kipimo hiki kinahitaji nyama.

1. Vituo. Chagua vitatu: karibu na mwalo au bandari, karibu na mto Luiche unapoingia ziwani, na kimoja mbali na mji cha kulinganishia. Kina kiwe kilekile. Gombe ni hifadhi ya taifa, huokoti kitu humo bila kibali. Vaa buti na glavu ndefu, maana kichocho kipo.

2. Ukusanyaji. Chukua kome 20 hadi 25 kila kituo, spishi moja, urefu usitofautiane zaidi ya milimita 5. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mkubwa ameishi muda mrefu kuliko mdogo, kwa hiyo ukichanganya saizi unaishia kulinganisha umri ukidhani unalinganisha uchafuzi. Vituo vyote vifanyike wiki moja, kwa sababu wakati wa kuzaana uzito wa nyama hubadilika na kiwango cha metali hubadilika nao.

3. Kusafisha utumbo. Waweke saa 24 kwenye ndoo ya plastiki yenye maji ya ziwa yaliyochujwa, ubadilishe maji mara mbili, bila kuwalisha. Ukiruka hatua hii utapima tope: chuma, alumini na manganizi vitapanda, hasa masika Luiche inapoleta udongo. Usizidishe saa 48, watadhoofika na kupoteza sehemu ya metali.

4. Kutoa nyama. Tumia kisu cha plastiki au kauri. Cha chuma huacha chembe zake. Vyombo vyote viwe vimelowekwa usiku kucha kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10 na kusuuzwa kwa maji ya maabara yasiyo na madini. Changanya nyama ya kome watano kuwa sampuli moja, upate sampuli nne au tano kwa kituo. Pima uzito mbichi, kausha kwa nyuzi 60 mpaka uzito usishuke tena, saga kwenye kinu cha kauri.

5. Maabara. Gramu 0.5 ya unga, mililita 8 za asidi ya nitriki ya asilimia 65, acha usiku kucha ndani ya kabati la kuvuta hewa. Pasha moto taratibu kwa nyuzi 90 hadi 95. Ikipoa, ongeza mililita 2 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30, pasha tena mpaka iwe angavu, kisha jaza maji hadi mililita 50. Kila mkupuo uwe na chombo kisicho na sampuli na unga wa kome wenye viwango vilivyothibitishwa; ukipima unga huo usipate asilimia 80 hadi 120 ya viwango hivyo, rudia. Kwa risasi na kadimi omba mashine ya kupimia metali yenye tanuri la grafiti, maana ile inayotumia mwali wa moto mara nyingi haizioni.

Maswali ya wanaofanya kipimo hiki

*Mwalimu, huku Katonga konokono wa mawe ni wengi kuliko kome. Nitumie hao?*
Unaweza, ila linganisha konokono na konokono. Shaba uiache: damu yao hubeba oksijeni kwa shaba, hivyo wanayo nyingi hata kwenye maji safi.

*Zebaki ya wachimbaji dhahabu itaonekana, mkuu?*
Itaonekana kiasi. Tenga nyama mbichi iliyogandishwa, kwani zebaki hupotea kwa joto, na ipimwe kwa njia ya mvuke baridi, inayosoma mvuke wa zebaki bila tanuri wala mwali. Lakini zebaki huongezeka kadiri samaki anavyokula samaki. Kome akiwa safi hajamsafisha sangala anayekula samaki, pima naye.

*Nimepata kadimi miligramu 1.2 kwa kilo, na Ulaya wanaruhusu 1.0. Tuwakataze watu kula?*
Ndugu, hiyo 1.2 ni ya nyama kavu au mbichi? Kikomo hicho, kama kile cha risasi cha 1.5, ni cha nyama mbichi. Mashine ikisoma miligramu 0.012 kwa lita, zidisha kwa lita 0.05, gawa kwa kilo 0.0005: ni 1.2 kavu. Kama maji yalikuwa asilimia 80 ya uzito, zidisha kwa 0.2, unapata 0.24. Tuma uzito wako mbichi na mkavu tuhesabu upya kabla hujamwambia mtu yeyote mwaloni.