Kuomba zamu chache pale tangazo linapotaka mtu wa muda wote

Matangazo ya kazi za afya yanayobandikwa Mtwara na Lindi karibu yote humtaka mtu wa muda wote, na muuguzi anayelea mtoto mchanga, anayeendelea na masomo au mwenye mikorosho isiyoweza kuachiwa vibarua peke yao huyasoma na kuyapita. Ningemshauri asiyapite. Tangazo ni taarifa kwamba rosta, yaani ratiba ya zamu, ya mahali fulani ina pengo, na mara nyingi aliyeliandika hajawahi kuonyeshwa njia nyingine ya kuliziba.

Nafasi za serikali zinazopitia Sekretarieti ya Ajira ziache kando, kwa kuwa masharti yake hayajadiliwi. Nguvu zako zielekeze kwenye hospitali za mashirika ya dini, mfano wa zile za Ndanda na Nyangao, na kwenye zahanati, maabara na maduka ya dawa ya watu binafsi, ambako anayepanga zamu na anayelipa mshahara huweza kuonana siku hiyohiyo.

Kabla ya kuandika barua, fanya hesabu. Wodi isiyofungwa ina saa 168 kwa wiki, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki kwa kila mfanyakazi; kwa hiyo ili muuguzi mmoja tu awepo wodini wakati wote wanahitajika karibu watu 4, kabla ya kugusa likizo ya mwaka ya siku 28 wala ya uzazi ya siku 84. Wakiwa 3, upungufu huangukia usiku, mwisho wa wiki na miezi ya likizo. Anayeomba asubuhi za Jumatatu hadi Jumatano anaomba kile ambacho wenzake wote wanakigombea, ilhali anayejitolea kuchukua Ijumaa na Jumamosi usiku hupata msikilizaji.

Msikilizaji huyo ni muuguzi mfawidhi, kwa sababu ndiye anayeishika rosta. Mimi niliwahi kuipeleka barua yangu masjala ya zahanati moja, ikalala kwenye faili kwa wiki kadhaa, na baadaye nikaambiwa kwamba siku zilezile mfawidhi alikuwa akikesha mwenyewe kwa kukosa mtu. Nenda mchana, raundi ikiwa imekwisha na foleni imepungua, msalimie, kisha uulize ni zamu zipi zinazomsumbua. Jibu lake ndilo litakalokuwa kiini cha barua yako: “Ninaomba kufanya zamu 2 za usiku kila wiki, Ijumaa na Jumamosi, hadi muuguzi aliye kwenye likizo ya uzazi atakaporejea.” Ambatisha vyeti na leseni hai ya baraza la taaluma yako. Habari za mtoto au shamba zitoshe sentensi moja, nazo zikae mwishoni.

Kwenye malipo usikubali neno “tutaelewana”. Kanuni ya kisheria ni kugawa mshahara wa mwezi kwa 4.333, yaani wastani wa wiki za mwezi mmoja, kisha kwa saa za kawaida za wiki. Tuseme mshahara wa muda wote ni shilingi 585,000: ukigawa kwa 4.333 na kisha kwa 45, kila saa ina thamani ya shilingi 3,000, na zamu ya saa 8 ni shilingi 24,000. Kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, kila saa huongezwa angalau asilimia 5, yaani shilingi 150 katika mfano huu. Hesabu hiyo iandikwe kwenye mkataba, pamoja na idadi ya zamu na michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Ikiwa tayari una mwajiri mwingine, omba ruhusa yake kwa maandishi kabla ya kutia saini.

Nauli nayo izungumzwe mapema. Anayekaa Mikindani na kutoka zamu ya jioni mjini Mtwara saa 3 usiku anaweza kujikuta hana usafiri isipokuwa bodaboda, na safari 8 za namna hiyo kwa mwezi hula sehemu kubwa ya malipo ya zamu moja au mbili. Hatimaye, uwe na daftari lako la zamu, na kila unapomaliza kazi mfawidhi atie saini kabla hujavua sare.