Mtazame mbwa kabla hujamsikiliza mwalimu wake

Mbwa wangu Kito alikuwa na mwaka mmoja na nusu alipoanza kuwangurumia wageni mlangoni. Nilitafuta mwalimu haraka haraka, nikampata mtu mwenye maneno mengi na asiye na shaka hata chembe. Alimvisha mnyororo wa kukaba shingo, na kila Kito aliponguruma aliuvuta kwa nguvu. Baada ya wiki tatu mngurumo ukaisha. Nikafurahi, nikamaliza kulipa. Wiki ya tano Kito akamng'ata shemeji yangu mkononi, kimya kimya, bila kuonya. Hofu yake ilikuwa bado iko palepale. Tulichokuwa tumemnyang'anya ni njia yake ya kusema "usinisogelee".

Ndipo nikampeleka kwa daktari wa mifugo, na hapo ndipo nilipopaswa kuanzia. Sikio lake la kushoto lilikuwa limevimba kwa ndani, limejaa uchafu mweusi. Wiki zote zile mnyororo ulikuwa ukivutwa chini kidogo tu ya sikio linalouma. Kwa hiyo mbwa mpole akigeuka mkali, au aliyezoea kujisaidia nje akaanza kukojoa ndani, usimwite mwalimu kabla daktari hajaangalia meno, masikio, nyonga, mgongo na mkojo. Mwalimu makini atakuuliza mwenyewe kama umeshapita kwa daktari. Yule wangu hakuuliza.

Ukishatoka huko, jua unamtafuta nani. Kama shida ni mbwa kuvuta kamba, kurukia watu au kutokuja anapoitwa, mwalimu wa kawaida anatosha, tena darasa la pamoja huwa nafuu kuliko la peke yako. Hofu, kung'ata, au kuharibu vitu na kulia akiachwa peke yake, hayo ni ya mtaalamu wa tabia za mbwa. Na wapo madaktari wa mifugo waliobobea katika tabia. Hao wanaweza pia kuandika dawa, jambo ambalo mwalimu haruhusiwi kulifanya.

Tahadhari ni kwamba katika nchi nyingi hakuna sheria inayosema nani ajiite mwalimu wa mbwa. Mtu anaweza kuamka leo akaandika jina hilo kwenye kadi yake. Akikuonyesha cheti, muulize alikipataje. Kuna vyeti vya kuhudhuria semina ya siku mbili, na kuna vyeti vyenye uzito: baraza la CCPDT la Marekani, linalotoa vyeti kwa walimu wa mbwa, kwa mfano, kabla ya kumruhusu mtu kufanya mtihani wake wa ualimu humtaka awe na saa 300 za kufundisha ndani ya miaka mitatu. Lakini hata cheti kizuri hakikuonyeshi mikono ya mtu inafanya nini.

Ndiyo maana mimi sasa naomba kwanza kwenda kutazama darasa bila mbwa wangu. Anayekataa bila sababu ya maana, namwacha. Ukifika, usimtazame mwalimu; anajua kujieleza. Watazame mbwa. Mbwa anayejifunza kwa raha mwili wake umelegea, anarudi kwa mwalimu bila kuvutwa, anakula kipande cha nyama anachopewa. Mwenye hofu hufyata mkia, hulaza masikio nyuma, hulamba midomo hali hakuna chakula, hupiga miayo wala hana usingizi, hugeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana. Mbwa aliyetulia tuli kama gogo si lazima awe mtiifu. Mara nyingi ameganda kwa woga, na hilo ndilo watu wengi hulisifia.

Kisha uliza: mbwa wangu akipatia, utamfanyia nini? Akikosea je? Unataka majibu ya vitendo. "Nitampa kipande cha nyama" ni jibu. "Nitasogea mbali na kinachomtisha, tuanze upya kwa hatua ndogo" ni jibu. "Nitamrekebisha" si jibu. Mwambie akuonyeshe kwa mkono wake huko kurekebisha kukoje. Akianza habari za kumwonyesha mbwa nani mkubwa wa kundi, mshukuru uondoke. Wazo hilo lilitokana na uchunguzi wa mbwa mwitu (wale waitwao wolf kwa Kiingereza) waliofungiwa pamoja, uliochapishwa na Rudolf Schenkel mwaka 1947. Mwaka 1999 mtafiti David Mech alieleza kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, si uwanja wa kugombea cheo. Chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama, AVSAB, kilitoa msimamo mwaka 2021 kwamba mbwa wote wafundishwe kwa kuzawadiwa, hata wale wakali. Na kola za umeme, zile zinazomshtua mbwa shingoni, Wales ilizipiga marufuku tangu 2010.

Anayekuhakikishia kwamba mbwa atapona kabisa, tena kwa idadi fulani ya siku, anakudanganya. Tabia haina dhamana. Ninayemwamini ni yule anayeweza kusema, "Hili limenizidi, nenda kwa fulani."

Kuhusu bei, usilinganishe bei ya kipindi kimoja. Linganisha jumla. Waombe watu watatu wakuandikie: tathmini ya kwanza inachukua muda gani, wanakisia vipindi vingapi, nauli ni juu ya nani, utapewa mpango wa maandishi, na ukikwama katikati ya wiki kupiga simu kunalipiwa? Bei ndogo ya kipindi huweza kuficha vipindi ishirini. Usilipie vipindi kumi kwa mkupuo kabla hujaona cha kwanza. Mimi pia sishauri kumwacha mbwa akalale kwa mwalimu majuma kadhaa: ni ghali, huoni anachofanyiwa, na akirudi nyumbani wewe ndiye hujui lolote. Pesa yako inunue ujuzi wako kwanza, maana utakayeishi na mbwa ni wewe.

Mwalimu wa pili wa Kito alitumia karibu saa nzima ya kwanza kuuliza maswali: anakula nini, analala wapi, aliwahi kutishwa na nani. Kisha akaketi sakafuni akiwa amempa mgongo, akawa anadondosha vipande vya nyama pembeni bila kumtazama. Dakika kama kumi zilipita kabla Kito hajasogea. Hakumshika.

Na ukishamchagua mtu, bado kamba ni yako. Siku yoyote ukiona jambo linalokuchoma moyo, sema, "Naomba tuishie hapa," uichukue kamba mkononi mwake, umtoe mbwa nje. Maelezo atayatoa baadaye, na hesabu ya pesa iliyobaki mtaifanya mbwa akiwa ameshatulia nyumbani.