Watu 12, vitu vitatu: namna ninavyoendesha darasa la kutazama sanaa makumbusho

Mara ya kwanza nilipoombwa kuwatembeza watu makumbusho hapa Dar, niliwapitisha kwenye kazi 23 kwa saa moja. Nilikuwa nimestaafu kufundisha sanaa sekondari, maneno tele kifuani na sina wa kumwambia, basi nikayamwaga yote: miaka, majina, mitindo. Watu wakanifuata kama vifaranga, wanaitikia kwa vichwa. Tulipomaliza, fundi seremala mmoja wa Keko, ambaye mkewe ndiye aliyemburuta kuja, akarudi peke yake kwenye nguzo ya Wamakonde tuliyoipita kwa dakika mbili. Akaniita. "Mwalimu, hivi huyu alianza kuchonga juu au chini?"

Sikujua. Miaka yote ile ya chaki, sikuwahi hata kujiuliza.

Siku hizi nafanya Jumamosi moja kwa mwezi, watu wasiozidi 12, saa moja na nusu, vitu vitatu basi. Kama wewe ni mwalimu, mlezi wa klabu ya shule, au una kikundi cha kina mama ambao wamechoka kukutana kwa ajili ya vikoba tu, unaweza kufanya hivi hivi. Huhitaji shahada.

Anza kwa kwenda peke yako, mara mbili, asubuhi na alasiri. Mwanga hubadilika, na picha iliyokuwa safi saa tatu asubuhi inaweza kuwa kioo cha kujitazamia saa tisa. Tafuta kitu ambacho watu 12 wanaweza kukizunguka bila kukanyagana. Kisha kaa nacho nusu saa. Ukiona baada ya dakika kumi unatoa simu mfukoni, kiache; kikikuchosha wewe uliyekichagua, wageni watasinzia. Andika barua kwa uongozi wa makumbusho mapema, taja siku, idadi ya watu na kwamba watachora. Uliza kuhusu viti. Mimi nina stuli sita za kukunja nilizonunua mwenyewe, kwa sababu sakafu ya makumbusho inachosha miguu kuliko barabara, na mzee anayesikia goti hasikii kitu kingine. Penseli tu; kalamu za wino zibaki kwenye mikoba. Simu zipige picha bila mwako.

Sasa jambo lenyewe. Mkifika mbele ya kitu, nyamaza. Usitaje jina la msanii, usitaje mwaka. Kibao cha maelezo mimi nakiziba kwa mgongo, na Mungu amenijalia mgongo wa kutosha. Wape dakika mbili nzima za kutazama. Ni ndefu kuliko unavyodhani. Ya kwanza watu wanacheka, ya pili wanaanza kuona.

Halafu yapo maswali matatu. Siyo yangu: yalitungwa Marekani na Abigail Housen, mtafiti wa namna watu wanavyotazama sanaa, pamoja na Philip Yenawine aliyekuwa upande wa elimu katika jumba la sanaa ya kisasa la New York. Mimi nayasema hivi: "Hapa kuna nini kinaendelea?" Mtu akijibu, namuuliza: "Umeona nini hata ukasema hivyo?" Kisha nawageukia wote: "Kingine?" La pili ndilo lenye kazi. Mtu akisema "hawa wanagombana", asiishie hapo, anyooshe kidole (bila kugusa!) aonyeshe mkono ulioshika shingo. Mwingine ataona mkono ule ule umebeba, haukabi. Hapo darasa limeanza.

Usimsifu anayejibu. Najua, sisi walimu "vizuri sana" inatutoka kama chafya. Lakini ukimsifu mmoja, wa pili anaacha kutazama kinyago anaanza kukutazama wewe. Rudia alichosema kwa maneno yako, onyesha mahali alipoonyesha, endelea. Na kukiwa kimya, hesabu moyoni mpaka 20 kabla ya kufungua mdomo. Karibu kila mara kuna mtu anasema kabla ya 15.

Nguzo ile ya Wamakonde ndiyo naanzia nayo kila mwezi. Ni mtindo unaoitwa ujamaa, watu wamepandana wakishikana kuanzia chini hadi juu, wote kutoka gogo moja. Kazi ya kwanza ninayowapa ni ya kitoto: wahesabu watu. Wanazunguka, wanainama, wanapoteza hesabu, wanaanza upya. Wakati wa kuhesabu ndipo wanapogundua mtoto aliyejificha chini ya kwapa, bibi mwenye ndonya, kile kipambo cha mdomo wa juu, na mguu ambao haujulikani ni wa nani. Baada ya hapo tu ndipo ninapowaambia kwamba mtindo huu uliitwa dimoongo, na kwamba hilo jina la ujamaa lilikolea zama za siasa ya Mwalimu Nyerere. Kwamba Wamakonde wengi walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kutafuta kazi, wengine kwenye mashamba ya mkonge. Na kwamba anayetajwa kuuanzisha ni Yakobo Sangwani. Maneno machache, watu wakiwa tayari na hamu nayo.

Kitu cha kushika lazima kiwepo, ila kisiwe cha makumbusho. Jasho la vidole lina mafuta na chumvi, na vitu vile vinatakiwa kuishi kuliko sisi. Nilikwenda kwa wachongaji wa Mwenge nikaomba vipande vya mpingo vilivyotupwa. Kimoja bado kina ukingo wake mweupe wa njano, kwa sababu mpingo si mweusi wote: weusi uko moyoni mwa mti, nje ni ngozi nyembamba ya rangi hiyo iliyopauka. Nina na kipande cha mti laini nilichokisugua rangi nyeusi ya viatu, kama wanavyofanya wajanja wanaowauzia watalii. Nje, kando ya mahali tunapokunywa chai, naweka ndoo ya maji. Mpingo unazama kama jiwe. Cha rangi ya viatu kinaelea na kuyachafua maji. Watoto hawanielewi nikisema "uzito wa mti", lakini ndoo wanaielewa, na baba zao pia, hasa wale waliokwisha nunua.

Kitu cha pili ni picha ya Tingatinga, na hapa ninaonya. Kila mtu anadhani anaijua. Tumezoea kuziona uwanja wa ndege, kwenye sahani, kwenye mabegi. Kwa hiyo jibu la kwanza huwa "chui", na watu wanataka kusonga mbele. Waambie wasogee pembeni ya picha, karibu na ukuta, waitazame kwa upande. Ukiitazama hivyo mwanga unalala juu ya rangi, na utaona madoa yametuna kama upele, kila doa na mkia mdogo pale brashi ilipoinuliwa. Hii ni rangi ya mafuta inayong'aa, ya aina ya kupakia baiskeli, na wa mwanzo waliipaka juu ya hadibodi, siyo kitambaa. Kisha warudi mbele na uwaulize: ardhi iko wapi? Mbingu je? Mara nyingi hakuna, ni rangi moja tupu nyuma, na mnyama amejaa ubao mzima.

Baada ya hapo ndipo namtaja Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa 1932 upande wa Tunduru, akauza picha zake pale Morogoro Stores, Oyster Bay. Alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 na 1972 akauawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Miaka isiyozidi mitano hivi. Ukilisema hilo kabla ya kutazama, watu wanaguna tu. Ukilisema wakiwa wametoka kuhesabu madoa, wanarudi wenyewe kwenye picha.

Cha tatu ni lipiko, kichwa cha kuvaliwa kwenye ngoma ya Wamakonde. Hapa nauliza swali moja: mchezaji anaona kupitia wapi? Wote wanaonyesha macho. Siyo, anaona kupitia mdomo, maana kofia yenyewe inakaa juu imeinama. Mwambie mmoja ainamishe kichwa hivyo na atembee hatua tano, utasikia vicheko. Wakinyanyue pia kwa mawazo: ni mti mwepesi, siyo mpingo, nani angecheza ngoma na mpingo kichwani?

Lakini lipiko lilikuwa siri ya waliopita jandoni. Mama mmoja wa Newala aliyekuja darasani alisimama mbali, akasema utotoni wao walikuwa wakikimbia wakikisikia tu kinakuja, na sasa anaona ajabu mwanamke mwenzake anakielezea kwa kidole. Hakukasirika, ila aibu niliipata. Sasa nauliza mapema kama kuna Mmakonde kati yetu, na nikimpata, yeye ndiye wa kuamua tusimame wapi na nani aseme.

Mara mbili kwa mwaka namwalika mchongaji. Mkubaliane malipo kabla, yawe fedha, na nauli mbali. Msanii halipwi soda na makofi. Usimpe kipaza sauti wala usimwombe "atueleze maana". Wengi watakupa ile maana waliyozoea kuwauzia wageni. Mpe gogo na tezo uani, kwenye kivuli, watu wakae kumzunguka, waulize habari za mikono: unaumia wapi, patasi inanolewa kila baada ya muda gani, tupa inafuatwa na msasa wa namba ngapi.

Huyo wa mwisho niliyemleta, fundi wa Keko alikuwepo, na swali lake alikuwa amelihifadhi. Mchongaji akaligeuza gogo, akatuonyesha ufa unaopita katikati. Akasema yeye haanzi juu wala chini, anaanza mbali na ufa, na watu wanapangwa kuukwepa. Na kikikatika kichwa? "Huyo tunamgeuza mtungi, mwenzake atambeba." Fundi alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akaniomba turudi ndani kwenye nguzo yetu kutafuta mtungi. Tuliupata, mmoja, begani kwa mwanamke wa tatu kutoka chini. Nilikuwa nimepita mbele yake miaka mingi.

Dakika kumi za mwisho wageuke, wakipe kinyago mgongo, wachore wanachokumbuka. Asiyejua kuchora aandike. Kisha wageuke tena wasahihishe, na wasifute makosa. Michoro wanakwenda nayo nyumbani. Siitundiki, watu wazima wanaogopa kutundikwa.

Hesabu ya watu kwenye nguzo haijaafikiwa hadi leo. Mimi nasema 17. Fundi wa Keko anasema 18, anadai kuna kisigino nyuma ya bibi wa ndonya kisicho na mwenyewe. Jumamosi ijayo anakuja na stuli yake.