Mbwa wako analala wapi kipupwe hiki?

Kuanzia Juni hadi Agosti, huku Makete, Njombe na Mufindi, kuna alfajiri unakuta maji ya mbwa yameganda kwenye sufuria yake. Sakitu ikipiga tunakimbilia kutazama viazi na miche ya parachichi. Ndama tunamwongezea nyasi. Mbwa aliyekesha akilinda vyote hivyo hatumtazami, tunasema ana manyoya yake.

Manyoya humsaidia yakiwa makavu. Yakilowa, ile hewa ya uvuguvugu inayokaa katikati ya nywele hutoka, na baridi inamfikia mwilini. Kwa hiyo manyunyu na upepo wa jioni, hata bila sakitu, yanaweza kumtesa mbwa kuliko usiku mkavu wa baridi kali.

Julai moja niliitwa kwenye nyumba ambako mbwa alikuwa amezaa watoto sita, na ndani ya siku tatu watatu walikuwa wamekufa. Baada ya kusalimiana kwa "kamwene", salamu ya huku kwetu, mama mwenye nyumba akanipeleka nyuma ya jiko. "Bwana mifugo, maziwa anayo tele. Mbona wanakufa?" Nikaingiza mkono chini ya gunia walilolalia. Juu lilikuwa na uvuguvugu, chini limelowa chepechepe, na saruji ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Mtoto wa mbwa wa wiki ya kwanza hawezi hata kutetemeka ajipashe joto. Anategemea mwili wa mama yake na malazi. Tuliondoa gunia, tukalaza mbao juu ya matofali, tukamwaga maranda makavu ya kina cha shubiri moja. Watatu waliobaki walikua.

Tangu siku hiyo, kila ninapokwenda naingiza mkono chini ya matandiko. Nawe fanya hivyo asubuhi kabla hujampa chakula. Mkono ukitoka na unyevu, badilisha. Nguo kuukuu na magunia hunyonya maji na kukaa nayo; maranda, nyasi kavu au mabua ya ngano hukauka upesi. Mafinga maranda yamejaa kwenye viwanda vya mbao, ila uliza kwanza yametoka wapi. Ya nguzo zilizotiwa dawa usiyachukue, dawa ile ni sumu kwa mnyama.

Banda nalo lisiwe kubwa. Mbwa aweze kuingia, kujigeuza na kujikunja, basi, maana joto la mwili wake ndilo litakalolipasha. Liinue toka ardhini na bati lisivuje. Mlango uelekee kaskazini: miezi hii upepo wa kusi unatoka kusini mashariki, na jua linapita upande wa kaskazini, hivyo banda linakingwa na upepo na kupata mwanga mchana. Ukimwogesha, iwe saa sita mchana jua likiwaka, umfute mpaka akauke. Na kama anafungwa mnyororo, hakikisha unamfikisha hadi ndani ya banda. Nimeona wengi wanaoishia mlangoni.

Chakula kiongezwe kidogo, kwa sababu mwili unakitumia kujipasha joto. Ugali na dagaa, au na mabaki ya nyama. Asubuhi mwaga barafu, umpe maji mapya.

Sasa jambo ninalolihofia kuliko yote. Mtu anaona vifaranga wanajikunyata, au mbwa anatetemeka, anaingiza jiko la mkaa bandani na kuziba kila tundu. Hewa ya sumu ya mkaa haina rangi wala harufu. Inaua vifaranga, inaua mbwa, na inaua watu waliolala chumba kimoja nao. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, kweli, na jiko au chungu cha mkaa hutumika, lakini acha nafasi ya hewa juu ya ukuta. Wakirundikana, wana baridi. Wakikaa mbali na jiko midomo wazi, joto limezidi.

Mbwa aliyekuwa anatetemeka akaacha ghafla, akalegea, masikio yake ya baridi na fizi zimepauka, yuko hatarini. Usimsogeze motoni wala kummwagia maji ya moto. Mkaushe, mfunge blanketi, weka pembeni yake chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa kitambaa, kisha mpigie bwana mifugo mara moja.

Ukiamua mbwa alale ndani na watoto, chanjo ya kichaa cha mbwa iwe imetimia, na dawa ya minyoo na viroboto usiiruke.

Paka yeye hujitafutia mwenyewe. Usiku wa baridi hupanda kwenye injini ya gari iliyozimwa punde, akalala palepale. Wenye malori na pikapu, kabla ya kuwasha alfajiri, gongeni boneti mara mbili tatu, msubiri ashuke.