Namna ya Kujiandaa Kuomba Mkopo wa Biashara Ndogo

Mwenye genge au banda la chakula anaponyimwa mkopo huambiwa kwamba hana dhamana, lakini mara nyingi kikwazo huanza mapema zaidi: afisa mikopo hana njia ya kujua biashara hiyo inaingiza kiasi gani. Kwa hiyo anza na daftari, walau miezi mitatu kabla ya kupeleka maombi. Mama lishe aandike kila jioni mauzo, mchele, mafuta, mkaa, sahani zilizoliwa kwa deni, na hata ile kilo ya mchele aliyokwenda kuipika nyumbani, maana hiyo ndiyo inayomaliza mtaji kimyakimya. Wateja wanaolipa kwa simu walipie kwenye lipa namba ya biashara, kwani taarifa ya miamala huaminika kuliko maelezo ya mdomo. Kitambulisho cha Taifa, namba ya mlipakodi na barua ya serikali ya mtaa viwe tayari.

Nchini Tanzania, wanawake, vijana na watu wenye ulemavu waulizie kwanza halmashauri yao, ambayo kisheria hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Ugumu wake ni kwamba kwa kawaida hutolewa kwa vikundi, na mwenzenu mmoja akihama mtaa usiku, deni lake linawabakia ninyi. Chagueni watu ambao mmekwisha kuweka nao hisa kwenye VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa.

Ukienda kwa mkopeshaji binafsi, usiulize riba ni asilimia ngapi tu, uliza pia inakokotolewaje. Shilingi 1,000,000 kwa asilimia 3.5 kwa mwezi, kwa miezi sita, huzaa riba ya shilingi 210,000 ikiwa inatozwa kwenye mkopo wote hadi mwisho, lakini takribani 126,000 tu ikiwa inatozwa kwenye salio linalopungua. Uliza vilevile ada na bima zitakazokatwa kabla hujapokea fedha, kisha linganisha rejesho na faida ya wiki iliyokuwa mbaya kuliko zote daftarini, si ile ya sikukuu. Anayeficha leseni yake ya Benki Kuu, au anayetaka kushikilia kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri, kama wafanyavyo wengi wa kausha damu (wakopeshaji wa mtaani wenye riba kubwa), usimsainie chochote.